Viatu Vingi Mlangoni

Kama ulikuwa Mtanzania wa Minneapolis au Saint Paul miaka ile ya elfu mbili, na ukafiwa, basi aliyekuambia huenda alikuwa Gaudens. Hakuna kikao kilichompa kazi hiyo. Alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka na kifua kipana cha mtu kulilia, na watu wakaona inamfaa, kama wanavyoona fulani ndiye wa kuchoma nyama na fulani ndiye wa kushika maikrofoni kwenye harusi. Simu ikitoka nyumbani kwamba baba wa mtu amefariki, haikwenda kwa huyo mtu. Ilikwenda kwa Gaudens, kule Apple Valley alikoishi, na kuanzia hapo mambo yalifuata utaratibu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Msiba hauambiwi kwenye simu. Haambiwi mtu aliye njiani, wala aliye kazini, wala aliye peke yake. Anangojewa afike kwake, na kabla hajafika, akina mama wameshaingia jikoni, viti vimeazimwa kanisani, na padri au mchungaji au shehe ameshaketi kulingana na dini ya mwenyewe. Halafu, kabla neno halijatamkwa, mtu mmoja anamwomba mfiwa ufunguo wa gari. Hilo la ufunguo alilianzisha Gaudens, baada ya bwana mmoja wa Brooklyn Park kupokea habari, kutoka mbio na kwenda kugonga nguzo ya taa. Tangu hapo ikawa ufunguo kwanza, habari baadaye.

Francis, fundi wa kompyuta aliyekuwa akiishi karibu na chuo, alifiwa na baba yake akiwa Chicago kwa kazi. Gaudens aliwakataza watu wote wasimpigie. Francis akarudi Minneapolis kwa gari, anapiga miluzi njia nzima, akakuta nyumba imejaa. Baada ya matanga alinung'unika kwamba angeambiwa kule kule, angepanda ndege Chicago na kumwahi baba yake juu ya ardhi. Gaudens akamjibu, "Na ungelia na nani huko, ndugu yangu?" Watu wakaitikia kwamba kweli. Lilikuwa jibu zuri, na mkuki kwa nguruwe haujawahi kuwa mchungu.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Mkuu, Rombo, mtoto wa kwanza wa Mama Apolonia. Alikuja Minnesota kusoma uhandisi, akamaliza, akapata kazi kwenye kiwanda cha pampu huko Bloomington, akamleta Ernestina, wakapata binti mmoja, Tulia. Ernestina alikuwa nesi, mwanamke wa maneno machache, aliyeweza kukaa na jambo mpaka likaota mizizi. Maisha yalikuwa kama ya wenzao: kazi, kanisa, Jumamosi kwenda Cedar-Riverside, dukani kwa Zamzam, Mkenya wa pwani, kununua mchele na nazi na kupata habari za watu. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtofautisha Gaudens na Wachaga wenzake wenye akili timamu. Alikuwa na pikipiki.

Ugonjwa huo aliupata utotoni, kwa pikipiki ya paroko, ambayo aliruhusiwa kuiosha na hakuruhusiwa kuipanda. Mama yake aliichukia. Kaka yake Mama Apolonia alikufa kwa pikipiki, na tangu hapo aliita chombo hicho "kifo chenye honi". Basi Gaudens hakumwambia. Picha zote alizotuma nyumbani alisimama kando ya gari, na Ernestina alipozungumza na mkwewe ilibidi naye afunike. Mtu mzima mwenye shahada mbili anamwogopa mama yake kwa pikipiki: mcheke ukitaka, lakini wengi wetu tuko hivyo hivyo.

Mwaka 2006 alikuwa amemwahidi mama kwamba Agosti angekwenda. Likizo ya Amerika ni kama kitenge kifupi, ukifunika hapa pale panabaki wazi. Lyle, mfanyakazi mwenzake, mzee mwenye asili ya Norwe aliyemfundisha kuendesha kwenye barabara za kando ya Mto Mississippi, akaja na mpango wa kuzunguka milima ya Alpi kwa pikipiki za kukodi, kuanzia Munich na kurudi Munich. Gaudens alikaa na jambo lile juma zima. Kisha akampigia mama yake, akamwambia kazini wanampeleka Ulaya, hana namna, atakuja mwakani na atakaa mwezi mzima.

"Nenda, baba," mama akasema. "Kazi ni kazi. Huko Ulaya kuna baridi, vaa sweta."

Na safari, tuseme ukweli, ilikuwa tamu. Gaudens hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile tangu aingie utu uzima. Kila asubuhi mlima mpya, kona juu ya kona, ng'ombe wenye kengele shingoni, wazee wa Kijerumani wakimkodolea macho Mwafrika mwenye koti la ngozi kisha wakimpungia mkono. Hakuna aliyempigia simu ya msiba, hakuna aliyefiwa. Zikabaki siku za mwisho, na ile njia aliyoiota miaka yote: Stelvio, barabara inayopanda mlima kwa kujikunja na kujikunja mpaka kwenye theluji.

Jumamosi, wakati yeye na Lyle wakishuka kuingia Italia, Mama Apolonia alitoka kwenda kuwakatia mbuzi majani, akaketi kwenye jiwe kupumzika, na hakuinuka tena. Erick, kitinda mimba aliyebaki kutunza kihamba, shamba la ukoo, alipiga simu Apple Valley. Ernestina akalia kwanza, kisha akampigia Tumsifu, Mmachame, rafiki mkubwa wa mumewe. Jioni ile ile nyumba ilikuwa na watu.

Wakajikuta wana tatizo ambalo halijawahi kuwapata: mwenye kuongoza ndiye mfiwa. Wakafanya wanavyofanya wanafunzi mwalimu akiwa hayupo, wakafuata sheria yake kuliko yeye mwenyewe angeifuata.

"Yuko juu ya pikipiki, jamani," Tumsifu akasema. "Milimani. Ukimwambia leo, kesho tutakuwa na misiba miwili."

Nani angepinga hilo? Mama Apolonia alikwisha kuacha neno kwamba asilazwe kwenye friji ya hospitali siku nyingi kama nyama. Erick akakubali kungoja mpaka Ijumaa, kwa sababu ya mtoto wa kwanza, ambaye ndiye wa kutupa udongo wa mwanzo. Wakapanga. Gaudens angefika Jumanne kama tiketi ilivyosema, angeambiwa akiwa kwake, kati ya watu wake, Jumatano angeruka na Ernestina, Alhamisi wangefika, Ijumaa angemzika mama yake. Ilitosha, kwa kubanana. Zamzam akaleta sufuria la pilau, na viti vikaazimwa.

Jumapili Gaudens alipiga simu kutoka nyumba ya wageni chini ya Stelvio. Simu aliipokea Tulia, mtoto wa miaka minane, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza.

"Daddy," akasema, "there are so many shoes by the door."

Viatu vingi mlangoni. Nyuma ya sauti ya mtoto Gaudens alisikia sauti za wanawake, nyingi na za chini, na mwiko ukigonga sufuria kubwa. Alisimama na mkono wa simu sikioni, na mwili wake ukajua kabla ya kichwa. Ni mara ngapi yeye mwenyewe aliruka viatu vile kwenye milango ya watu, akitafuta pa kuacha vyake?

Kisha akaja Ernestina. "Haloo, Baba Tulia! Mnaendeleaje huko? Mmekula?" Sauti ilikuwa ya uchangamfu, changamfu kupita kiasi, na Gaudens aliijua ile sauti kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwaonya watu nayo. Msichangamke sana, huwaambia, atashtuka.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuuliza. Neno moja tu, "Nani?", na mke wake, ambaye hakuwahi kumdanganya uso kwa uso, angevunjika pale pale. Gaudens alitazama dirishani. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, na mwenye nyumba alikuwa amewaambia kwamba theluji imeanguka juu na njia imefungwa, ila kufikia Jumanne ingefunguliwa.

"Huko mvua imenyesha?" akauliza.

"Imenyesha kidogo," Ernestina akasema.

"Vizuri. Mboga zitapata maji." Kisha akamweleza habari za theluji na njia, na kwamba yeye na Lyle wanaongeza siku mbili, tiketi inabadilishika. Badala ya Jumanne angefika Alhamisi.

Kule nyuma yake, zile sauti za jikoni zikakoma.

"Rudi tu kama mlivyopanga, Baba Tulia," Ernestina akasema, taratibu, bila ule uchangamfu.

"Siku mbili tu, Mama Tulia. Nafasi hii sitaipata tena."

"Rudi tu."

"Alhamisi," akasema, na akarudisha mkono wa simu polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Akajiambia ni jumuiya, watu wa kanisani wamekutana kusali. Zamu ya nyumba yake ya jumuiya ilikuwa imepita mwezi uliotangulia, na hilo alilijua, lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi. Jumatatu alishinda akifuta pikipiki iliyokwisha kung'aa. Lyle alimwalika karata mara mbili, akakataa. Simu ilikuwa pale ukutani, karibu na ngazi, na kila alipopita aliangalia upande wa pili.

Jumanne mawingu yalifunguka na wakapanda. Nisingependa kusema kwamba hakufurahi, maana hilo lingekuwa rahisi kwake na kwangu. Alifurahi. Kona zilikuja moja baada ya nyingine, akiinama kushoto, akiinama kulia, pikipiki ikimtii, baridi ikimpiga usoni, na kwa muda mrefu hakuwaza lolote. Walipofika juu, Lyle akanunua soseji na mkate. Gaudens akaitazama theluji, nyeupe kama Kibo inavyoonekana asubuhi kutoka uani kwa mama yake, na ghafla akajikuta anasali Salamu Maria kwa sauti ndogo. Hakujiuliza anamwombea nani. Lyle akampiga picha. Katika picha ile anatabasamu kwa mdomo, na macho yake yanafanana na ya mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Jumatano wakarudisha pikipiki Munich. Alhamisi asubuhi, uwanja wa ndege wa Amsterdam, Lyle akakaa kunywa kahawa na Gaudens akaenda kunyoosha miguu. Kwenye ubao wa safari akaona jina la Kilimanjaro. Hakushangaa, kila mtu wa kwetu anajua ndege ile. Akafuata mishale mpaka karibu na mlango wake, akasikia Kiswahili, akaona mama mmoja wa makamo amevaa kitenge, akihangaika na begi.

"Baba, hapa ndipo pa KIA?" mama akamuuliza.

"Ndipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe huendi?"

"Naenda Amerika."

"Haya. Na nyumbani utakuja lini?"

Akasema mwakani. Akambebea begi mpaka kwenye mstari, na watu walikuwa bado hawajaanza kuingia. Kando ya mstari kulikuwa na simu za kadi, na yeye kadi alikuwa nayo mfukoni. Alisimama mbele ya moja. Nyumbani Apple Valley palikuwa bado gizani, akajiambia atawashtua waliolala, kana kwamba nyumba yenye viatu vile ina mtu aliyelala. Akaenda dukani akamnunulia Tulia chokoleti, kisha akarudi kwa Lyle.

Minneapolis alipokelewa na Tumsifu, amevaa suti siku ya kazi, na Francis nyuma yake. Gari lake Gaudens alikuwa ameliacha pale pale uwanjani.

"Karibu, kaka," Tumsifu akasema. "Nipe ufunguo. Leo nakuendesha mimi."

Gaudens akautoa ufunguo na kumpa, bila swali. Njia nzima ya kwenda Apple Valley hakuna aliyezungumza habari za mpira. Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa mpaka nje kwenye ngazi, na yeye akavua vyake akaviweka mwishoni kabisa, kama mgeni. Padri akainuka. Ernestina alikuwa ameketi chini, kwenye godoro, amefunga khanga.

"Ni mama?" Gaudens akauliza. Tangu Jumapili hilo ndilo swali la kwanza alilouliza juu ya msiba ule, na sasa halikuwa na kazi.

"Ni mama," Ernestina akasema.

Akalia, na watu wa kulia nao alikuwa nao, hilo halikukosekana. Mazishi yalikuwa kesho yake saa saba mchana, wakati ambao Minnesota ni alfajiri. Erick alikuwa ameombwa aongeze siku, lakini wazee wa ukoo walikataa: marehemu aliacha neno lake, na wameshangoja vya kutosha. Tumsifu alikaa kwenye kompyuta kutafuta ndege. Hapakuwa na ndege chini ya jua ambayo ingemfikisha. Ni Francis aliyesema, bila kukusudia ubaya, kama mtu anayepiga hesabu kwa sauti.

"Kumbe leo asubuhi alikuwa Amsterdam. Angepanda ile ya KIA, usiku huu angekuwa Rombo."

Watu wenye shahada, watu wanaojua njia zote za ndege kwa kichwa, hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba Gaudens kule milimani alikuwa karibu na mama yake kuliko sisi tuliokaa na msiba wake. Nyumbani, katika vichwa vyetu, palikuwa Apple Valley. Tukaona aibu. Na watu wakiona aibu hutafuta wa kuibeba, na macho yote, moja baada ya jingine, yakaenda kwa Ernestina.

Alfajiri Erick alishika simu yake juu ya kaburi. Gaudens, amesimama jikoni na soksi, alisikia wimbo, kisha akasikia udongo. Erick aliutupa ule wa kwanza kwa niaba yake.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Na mjukuu huyu alikulia katika nyumba ile. Dada zake Gaudens kule Rombo waliacha kumsalimia Ernestina. Mwanamke huyu, walisema, alimficha mtoto asimzike mama yake. Huku Minneapolis walisema kwa upole zaidi, lakini walisema. Gaudens akiulizwa alijibu, "Ndiyo desturi yetu," na namna alivyolisema iliacha lawama pale pale ilipokuwa imekaa. Hakumgombeza mke wake hata siku moja. Hakumtetea pia. Kupeleka habari za misiba aliacha, na watu wakamwelewa. Pikipiki yake ikakaa gereji chini ya blanketi, na Ernestina aliendelea kwenda kazini, kupika na kunyamaza. Walipokwenda Rombo mwaka uliofuata kuweka msalaba, alikaa na majirani, kwa sababu mawifi hawakumpisha kwenye mkeka wao.

Ikapita hivyo karibu miaka mitatu. Theluji ilipoyeyuka mwaka 2009, Gaudens alipata mnunuzi wa pikipiki, akaingia gereji kuifunua. Ernestina alitoka jikoni akasimama mlangoni, akifuta mikono kwenye aproni.

"Usiiuze kwa ajili yangu," akasema.

"Nani kasema ni kwa ajili yako?"

"Basi sawa." Akashuka ngazi moja. "Mimi kosa langu ninalo, Baba Tulia. Ningekuambia. Kila siku namwomba mama msamaha. Lakini ile Jumapili mtoto alipokwambia habari za viatu, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikasema moyoni, Mungu ashukuriwe, sasa ataniuliza. Nikaichukua simu nikiwa tayari, wala nisingeficha tena. Ukaniuliza kama mvua imenyesha."

Gaudens alikuwa ameshika pembe ya blanketi. Maji ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingoni mwa paa.

"Miaka yote hii," akasema. "Kwa nini hukuwaambia dada zangu?"

Ernestina akalichukua blanketi mikononi mwake, akalikunja mara mbili.

"Nilikuwa nangoja uwaambie wewe," akasema, na akaingia nalo ndani.